Kadi ya Chumba Namba Kumi na Tano

Juzi Neema, mjukuu wangu, alikuja kuniona na karatasi za watu watatu. Yeye ni msimamizi wa hoteli ya vyumba arobaini hapa Mbeya, na hao watu kila mmoja anataka kumuuzia programu ya kompyuta ya kuendeshea hoteli: kupokea wageni, kupanga vyumba, kujua nani kaingia na nani katoka. Akaniuliza, "Bibi, wewe umezeekea mapokezi. Tuchukue ipi?" Nikamwambia kompyuta mimi naogopa hata kuifuta vumbi. Alipoondoka nilikaa nimenuna mpaka chai ikapoa. Halikuwa kosa lake. Alikuwa amenikumbusha Kulwa.

Basi nawaandikia ninyi, Neema na wenzako mnaokaa kaunta kwenye viti vya kuzunguka. Msidhani ninyi ndio wa kwanza kuumizwa kichwa na mambo ya kuchagua mfumo. Na sisi tulichagua, miaka ya sabini, kule Iringa, na katika kuchagua huko nilimwonea mtu kijicho mpaka nikafanya jambo ambalo hata babu yako alikufa hajalisikia. Nitalisema. Ila kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana bila kuijua kazi hamtaona ubaya wake.

Hoteli yetu ilikuwa na vyumba thelathini na sita, ukishuka kuelekea Mlandege. Vyumba vilizunguka ua pande tatu, milango yote ikitazama veranda moja ndefu, na bafu na choo vilikuwa mwisho wa veranda. Kwa hiyo mgeni akitaka hata kunawa uso ilimbidi apite mbele ya milango ya wenzake. Lishikeni hilo. Wageni walikuwa madereva wa malori ya Zambia, maofisa wa serikali, watu wa makanisa waliokuja mikutanoni, wafanyabiashara wa mchele na vitunguu. Mwezi wa saba Iringa ina baridi ya kung'ata masikio, na swali la kwanza la mpokezi halikuwa jina la mgeni, lilikuwa kama anataka blanketi la pili. Ukimuuliza akiwa bado na begi mkononi, anakupenda. Ukingoja mpaka alalamike, hata ukimpa matatu hakusamehi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sanga, Mkinga mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mpokezi mkuu kabla yangu. Mfumo wake ulikuwa daftari moja kubwa, ukilifungua linajaza kaunta, kila siku na ukurasa wake, kila chumba na mstari wake. Siku yangu ya pili niliandika wageni kwa kalamu ya wino, kwa mbwembwe, mwandiko wa kulaza. Mchana ikaja telegramu kwamba watu sita wamekwama Chimala, mto umefurika, hawaji tena. Nikafuta kwa mate na kidole mpaka ukurasa ukatoboka. Mzee Sanga hakunigombeza. Alinipa penseli na kifutio, akaniita kwa jina langu, akasema, "Tumpe, mgeni mwandike kwa penseli mpaka umwone amevua viatu."

Pembeni mwa kila ukurasa aliacha nafasi ya vidole viwili, na mle ndimo alimoweka akili yake yote. Nukta maana yake mgeni huyu anakoroma, asiwekwe jirani na mhubiri. Msalaba, anaumwa miguu, apewe chumba cha karibu na bafu. Duara, huyu ana mtu ambaye hapaswi kukutana naye. Wafanyabiashara wawili wenye kesi mahakamani walikuwa na duara. Bwana mmoja wa Makambako aliyekuja na mke mdogo wiki ile ile mke mkubwa amekuja hospitali alikuwa na duara, tena la kukoleza. Na Wanyakyusa waliokuja na wakwe zao walikuwa na duara siku zote.

Ninyi mliozaliwa mjini hamjui haya. Kwa kabila letu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai pamoja, hawapishani njiani, na mkamwana hataji hata jina la mzee. Si ugomvi, ni heshima. Mimi mwenyewe nilipoolewa kule Tukuyu, siku moja natoka kisimani na ndoo kichwani, nikasikia kikohozi cha baba mkwe kwenye kona ya njia. Nilijitupa kwenye migomba, maji yote yakanimwagikia, nikakaa kwenye tope natetemeka wakati yeye anaongea na jirani habari za kahawa. Baadaye niliambiwa kwamba aliiona miguu yangu ikitokeza, akawa anamvuta jirani waondoke, na jirani kang'ang'ania kumaliza maneno yake. Siku hiyo nilipata mafua ya wiki mbili.

Mzee Sanga alipostaafu daftari likawa langu. Wakati huo babu yako alikuwa mwalimu, amehamishiwa Mbeya, na watoto wetu watatu wako naye, wakilelewa na mama yangu. Mimi nilibaki Iringa kwa sababu kazi yangu ilikuwa huko. Niliwaona wakati wa likizo tu. Likizo moja, mdogo wao alinipokea mzigo pale mlangoni akasema, "Shikamoo, shangazi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya jiko nikakaa huko peke yangu. Habari hiyo nilimsimulia Mama Luhwago, mhudumu wetu wa vyumba, siku tunakunja mashuka, na Kulwa, msichana mpya wa kaunta, akiwepo anapanga foronya.

Kwa hiyo Meneja wetu, Bwana Mgaya, alipotwambia kwamba mwenye hoteli anajenga nyingine Mbeya, niliweka penseli chini. Akasema mwenye mali anataka nyumba zote mbili ziende kwa mfumo mmoja, usiotegemea kichwa cha mtu mmoja, na atakayekuja na mfumo utakaochaguliwa ndiye atakwenda kufungua mapokezi ya Mbeya. Mimi nilisikia neno moja tu katika maneno yote hayo. Nilisikia Mbeya.

Kwanza alikuja muuzaji kutoka Dar es Salaam na mashine. Chuma kitupu, ina vitufe na mkono wa kuvuta, ilishushwa na wanaume wanne. Akatueleza kwamba unabonyeza jina la mgeni, unavuta mkono, na kadi inatoka imepigwa chapa. Akaandika jina la Bwana Mgaya, akavuta mkono, umeme ukakatika. Tukaungoja mpaka muuzaji mwenyewe akaomba chumba cha kulala, nami nikamwandika kwenye daftari kwa penseli, taratibu, ili aone vizuri. Neema, hao watu wako watatu waulize swali hilo kabla ya mengine yote. Umeme ukikatika na kuna basi zima la wageni mlangoni, itakuwaje?

Mashine iliondoka. Aliyebaki kunishinda ni Kulwa.

Kulwa alikuwa Msukuma. Wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakatua Usangu, upande wa Chimala, na yeye alitoka moja kwa moja chuo cha hoteli. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mimi thelathini na moja. Aliletwa awe msaidizi wangu, na neno hilo msaidizi lilidumu wiki mbili.

Niseme wazi, nilimwonea wivu kwa kila kitu. Mwandiko wake ulikuwa umesimama wima utadhani umepigwa taipu. Madereva walionisalimia kwa kutikisa kichwa tu, sasa waliegemea kaunta wakisahau kwamba chakula kinapoa. Alijifunza kusalimia "kamwene" siku ya kwanza, na kufikia mwezi wa pili anawatania wazee wa Kihehe kwa lugha yao, wakati mimi wa miaka sita kazini nikifungua mdomo wanacheka. Mama Luhwago, rafiki yangu, alianza kumwekea viazi vya kuchoma kwenye kitambaa. Bwana Mgaya akaanza kumwita mwalimu. Mimi hakuwahi kuniita kitu chochote zaidi ya jina langu. Na Kulwa alikuwa na adabu, hapo ndipo aliponimaliza. Dada Tumpe asubuhi, Dada Tumpe jioni. Ningeshukuru angenijibu vibaya hata mara moja, nipate pa kushika.

Siku moja akaniambia, "Dada Tumpe, daftari lako ni zuri. Lakini mgeni akisimama hapa, na simu inalia, na Meneja anataka kujua vyumba vilivyo wazi, wote tunagombea ukurasa mmoja."

"Miaka yote hatukugombea," nikamjibu.

"Kwa sababu ulikuwa peke yako, Dada."

Alikuwa amesema kweli na hakuisema kwa ubaya.

Akaenda kwa fundi seremala wa Mlandege, akamchorea ubao mpana wenye vijimfuko vya bati, thelathini na sita, vimepangwa kama vyumba vyenyewe vilivyopangwa kuzunguka ua. Kila kijimfuko kina kadi. Nyeupe, chumba kiko wazi. Kijani, kimewekwa kwa mgeni ambaye hajafika. Nyekundu, mgeni yumo, na jina lake limeandikwa juu na mahali anapotoka. Ubao ukatundikwa ukutani nyuma ya kaunta. Ukiingia tu mlangoni unaiona hoteli nzima kwa mara moja. Siku ya tatu nilijikuta nausoma ubao badala ya daftari langu, nikajichukia.

Bwana Mgaya alikuwa Mbena wa Njombe, mtu wa polepole. Akasema tujaribu wiki mbili daftari, wiki mbili ubao, kisha aamue. Wiki zangu zilikwenda bila kasoro. Wiki zake nazo zikaanza kwenda bila kasoro, na mimi nikawa silali. Kila asubuhi naamka naomba kitu kiharibike. Najua si sala ya kumwomba Mungu, lakini ndiyo niliyoomba.

Ikaja siku ya nne kabla ya mwisho. Chumba cha kumi na nne alikuwemo Mzee Mwalwisi, mkulima wa kahawa wa Tukuyu, amekuja mkutano wa kanisa tangu juzi yake. Mzee wa kofia nyeupe na fimbo, Biblia kwapani. Asubuhi nilikwenda posta. Niliporudi Kulwa yuko ofisini, nyuma ya kioo, anapiga taipu, na kwenye ubao pana kadi mpya ya kijani katika chumba cha kumi na tano. Imeandikwa kwa ule mwandiko wake: Bi. Mwalwisi na mtoto mchanga, anatoka Morogoro, anakwenda Tukuyu.

Nilielewa alichofanya. Chuoni walifundishwa ndugu wawekwe jirani, wasalimiane, wasaidiane. Ameona jina moja, akafurahi. Mimi nilisimama pale na bahasha za posta mkononi, nikasoma kumi na nne, nikasoma kumi na tano. Nikajiambia labda ni binti yake. Nilijua si binti. Katika daftari langu mkono ungekwenda wenyewe kuchora duara, lakini ubao haukuwa na mahali pa duara, na siku zile zilikuwa siku za ubao. Ningeweza kugonga kile kioo na kusema maneno matatu. Kadi ilikuwa imelala upande kidogo. Niliinyoosha kwa kidole, nikaketi.

Mama mwenyewe alifika saa saba na basi la Morogoro. Binti mdogo, mtoto mgongoni, begi moja, na fungu la vitunguu vya Ruaha Mbuyuni mkononi, maana basi likisimama pale hakuna asiyenunua. Kulwa akamwuliza jina. Akatabasamu, hakujibu, akatoa kikaratasi alichoandikiwa na mume wake. Hapo hata kile kisingizio changu kikaisha. Binti hutaja jina la baba yake bila shida. Anayelikwepa ni mkamwana. Aliangalia kibao cha jina langu kifuani, akanipa tabasamu kubwa zaidi. Mimi nikainama natafuta kitu kwenye droo ambayo haikuwa na kitu. Kulwa akamshikia begi akampeleka chumbani.

Saa nane mkutano wa kanisa ukaisha. Mzee Mwalwisi akarudi, akatoa kiti chake, akakiweka verandani mbele ya mlango wake, akafungua Biblia. Mvua ikaanza. Mzee akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ya chini kama wazee wanavyosoma, na mlango wa kumi na tano nikausikia ukifungwa kwa komeo.

Baada ya saa moja hivi Mama Luhwago akaja kaunta na ndoo yake. "Tumpe, huyu mgeni wa kumi na tano hajatoka tangu aingie. Maji ya moto nimempelekea, amekataa kufungua."

"Amechoka na safari," nikasema.

"Mtoto analia."

"Watoto wanalia."

Akaondoka, akarudi. "Mtoto anaharisha, harufu unaisikia mlangoni. Nikigonga ananyamaza kimya. Kuna nini kule?"

Nikamwambia amwache mgeni apumzike. Bwana Mgaya alikuwa amekwenda kwa mwenye hoteli na angerudi jioni, na mimi nilitaka jambo hili lipasuke mbele yake, sio kabla. Nilikuwa nachonga penseli. Nilichonga penseli zote za ile kaunta siku ile. Nilijua hasa anachofanya yule binti mle ndani, maana nilishakaa kwenye migomba. Anamsikia mzee akifungua kurasa. Hana maji, hana choo, amemziba mtoto mdomo kwa titi ili mzee asijue kuna nani. Nilijua yote hayo, na bado nikajitia hamnazo. Moyoni nilikuwa nasema, haya sasa, mwalimu, tuone ubao wako.

Saa kumi na moja mlango mkubwa wa mbele ukafunguka, akaingia yule binti akitokea barabarani. Alikuwa pekupeku, tope mpaka magotini, kanga imelowa, mtoto kamfunga kifuani. Alikuwa ametokea dirishani, akapita kwenye ua wa jikoni na michongoma, akazunguka hoteli nzima kwenye mvua. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Ugonile, dada," akanisalimia kwa lugha yetu, sauti ya chini. "Naomba maji ya mtoto. Baba mkwe wangu amekaa mlangoni." Kisha akakitazama tena kile kibao kifuani kwangu. "Nilipofika nikasoma jina lako. Nikasema, hapa pana mtu wa kwetu, sina wasiwasi."

Kulwa alikuwa ameshatoka ofisini. Hakuuliza kitu. Alimpokea mtoto vile vile alivyo, na uchafu wake, kwenye sketi yake ya kazi, akampeleka mama kwenye chumba chake mwenyewe, nyumba ya watumishi, upande wa pili wa ua. Akachemsha maji, akachanganya chumvi na sukari, akawasha mkaa, akavua sweta lake. Mimi nilibaki kaunta na penseli zangu zilizochongwa. Kesho yake asubuhi Subilaga, ndilo jina lake, alipoondoka na mtoto amepata nafuu, lile fungu la vitunguu alimwachia Kulwa. Amini usiamini, baada ya yote niliyofanya, bado roho iliniuma kwamba vitunguu hakunipa mimi.

Mzee Mwalwisi alipoambiwa aliona aibu kuliko wote. Alijifungia chumbani mpaka mkamwana wake alipopanda basi, kisha akaenda kwa Bwana Mgaya. Akasema, "Mmeniketisha mlangoni kama askari, namfungia mjukuu wangu mwenyewe." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

Bwana Mgaya akatuita ofisini, mimi na Kulwa. Kulwa akasema kabla hajaulizwa, "Kosa ni langu, Bwana Meneja. Mimi ndiye niliyewapanga. Sikujua."

"Wewe hukujua," akasema Bwana Mgaya. "Tumpe anajua." Akanigeukia. "Ubao ule uko nyuma yako siku nzima. Zile kadi mbili uliziona?"

Wanangu, lile swali lilikuwa na majibu mawili. Nikisema niliziona, ubao umefanya kazi yake, mwenye kasoro ni mimi, na Mbeya ndiyo basi. Nikisema sikuziona, basi mtu wa miaka sita kazini kakaa na ubao mgongoni na haukumwonyesha kitu. Nilimwona mtoto wangu pale mlangoni, na mzigo wangu mikononi, anasema shangazi.

"Sikuziona, Bwana," nikasema.

Kulwa alinitazama. Kisha akatazama sakafu.

"Kama Tumpe hakuona," akasema Bwana Mgaya, "huo mfumo haufai." Ubao ukapelekwa stoo jioni hiyo hiyo. Mwezi uliofuata nikapanda basi la Mbeya na daftari langu limefungwa kwenye blanketi.

Nilidhani wivu ungebaki Iringa. Haukubaki. Kila dereva aliyeshuka Mbeya alikuja na habari za Kulwa. Kulwa ameutoa ubao stoo. Kulwa ameongeza kadi ndogo ya njano, inachomekwa mbele ya jina, na maana yake ni moja tu: uliza kwanza kabla hujampanga huyu mgeni. Kulwa anawauliza wageni wenyewe, kwa adabu, kama kuna mtu wangependa kukaa naye mbali. Miaka yote mimi na Mzee Sanga tulikisia, tukachora duara, wala haikutupitia akilini kumwuliza mgeni. Sikula vizuri siku niliyosikia hilo.

Hoteli ya Mbeya ilipojaa, daftari likanishinda. Niliweka wageni wawili chumba kimoja mara tatu kwa wiki moja. Mwenye hoteli akaagiza ubao, na wa kuja kunifundisha akawa Kulwa. Alitokea Chimala kwa wazazi wake, na kifuko cha mchele wa Usangu kwa ajili yangu. Siku tatu nilisimama nyuma ya kaunta yangu mwenyewe nikielekezwa, Dada Tumpe hivi, Dada Tumpe vile. Nyumbani alikula na watoto. Wote watatu wakampenda, bila shaka.

Neema, kuhusu hizo programu tatu, nimefikiri, na ushauri wangu ni huu. Muulize muuzaji ile kadi ya njano iko wapi kwenye kompyuta yake. Kama hakuelewi, mpe chai aende zake. Kama anaelewa, nunua. Lakini ukishanunua, mtazame sana yule utakayemkalisha mbele yake.

Siku ya tatu nilimsindikiza Kulwa stendi. Tukasimama tunangoja basi lijaze. Akanyoosha kola ya sweta langu, kama mdogo anavyomfanyia dada yake, akasema, "Siku ile nilikuwa nyuma ya kioo. Ile kadi ya kumi na tano ilikuwa imelala upande. Uliisoma, ukainyoosha."

Nikasema, "Mbona hukumwambia Meneja?"

"Nilitaka. Nilishafungua mdomo." Akachukua begi lake. "Nikamkumbuka yule mtoto aliyekuita shangazi."

Akapanda basi. Mtoto yule ndiye mama yako, Neema. Alikua akiniita mama, nilimsuka nywele kila Jumapili, na siku ya harusi yake nilikuwa nimekaa pale mama anapokaa. Mimi na Kulwa wote tulinyamaza, mimi mchana mmoja ili ubao ushindwe, yeye miaka yote ile kwa ajili yangu. Mwandiko wake nilishamsamehe zamani, na vitunguu pia. Kule kunyamaza kwake mpaka leo namwonea wivu.